Hercules yako haijafa: isome skrini kabla hujashika solda

Ujumbe wa msomaji ulioingia wiki hii ulikuwa na picha moja na swali moja. Pichani ni skrini ya kijani, mistari 25, na kila palipotakiwa kuwa wazi pamekaa alama ya mshangao. Swali: "Kadi yangu ya Hercules imekufa, niitupe?" (Hercules ni kadi ya skrini ya kompyuta za kale za aina ya IBM PC.)

Usiitupe, ndugu yangu. Kadi imeshakueleza inachougua. Kwenye kumbukumbu ya skrini, nafasi tupu ni namba 32 na alama ya mshangao ni 33. Tofauti ni 1 tu, yaani biti ya 0 imeganda kwenye 1. Huenda chipu moja tu ya kumbukumbu imechoka, na nyingine zote zinafanya kazi. Inauma kuona kadi kama hii ikienda jalalani kwa sababu ya chipu moja, maana hazitengenezwi tena.

Tuanze na kitu kinachoua vifaa kuliko ubovu wa chipu, nacho ni monita isiyolingana na kadi. Kadi ya Hercules ya mwaka 1982 hutoa ishara ileile ya MDA, kadi ya IBM ya maandishi tu: TTL (ishara ya dijitali), mlalo takriban kilohezi 18.43, wima 50. CGA, kadi ya rangi ya IBM, hutoa kilohezi 15.75 mlalo na 60 wima. Zote mbili hutumia soketi ileile ya pini 9, na plagi inaingia bila kinyongo. Monita ya IBM 5151 ikichomekwa kwenye CGA inaweza kuunguza sehemu yake ya mlalo kwa muda mfupi. Ukisikia mlio mwembamba usio wa kawaida, zima papo hapo. Kwa Hercules, picha iko pini ya 7, mwangaza wa ziada pini ya 6, mlalo pini ya 8, wima pini ya 9, na ardhi ni pini 1 na 2. Kwenye CGA, pini 3, 4 na 5 ndizo nyekundu, kijani na bluu. Hujui kadi uliyonayo ni ipi? Angalia ubao wenyewe. Chipu ya 6845, inayopanga mpigo wa picha, haikusaidii kitu, kwa kuwa iko kwenye zote mbili. Soketi ya printa ya pini 25 pembeni ya ile ya 9 inaelekeza kwenye MDA au Hercules, ila hakikisha kwa namba ya kadi kabla ya kuwasha.

Na tafadhali usiamini vibadilishi vya bei rahisi vilivyotengenezwa kwa mashine za michezo. Vingi vinatarajia ishara ya analogi ya kilohezi 15, 24 au 31, na 18.43 inaangukia katikati. Unachohitaji ni kibadilishi kinachotaja MDA au Hercules kwa jina. RGBtoHDMI, inayotumia Raspberry Pi Zero pamoja na ubao wa kupokea TTL, inaimudu.

Kabla ya kuchomeka kadi kwenye bodi, pima shoti. Weka multimita kwenye omu, waya mmoja kwenye mguso wa B1 wa ukingo wa kuchomekea (ardhi), mwingine kwenye B3 (volti +5), kisha B9 (+12) na B7 (-12). Upande B ni ule usio na chipu. Ukipata omu moja au mbili, mshuku wa kwanza ni kapasita ya tantalamu, lile tone dogo la njano au buluu. Tantalamu za enzi hizo zikizeeka hupiga shoti, na zikipata umeme hulipuka kwa moshi na cheche. Iondoe, weka mpya yenye uwezo uleule ila volti kubwa: kwenye njia ya 12 weka ya volti 25, usirudishe ya 16. Upande wa chanya una mstari au alama ya kujumlisha. Ukiigeuza, nayo italipuka.

Kwenye IBM PC na XT kuna swichi pia. Kwenye SW1, kundi la swichi ndogo za bodi, namba 5 na 6 zote zikae OFF kwa kadi ya MDA au Hercules. Zikiwa zimepangwa vibaya, mashine hulia mlio mmoja mrefu na miwili mifupi, watu wakadhani kadi imekufa.

Sasa turudi kwenye zile herufi, ndipo penye utamu. Skrini ya maandishi ya Hercules ni herufi 80 kwa mistari 25, na kila herufi ina baiti mbili kuanzia anwani B000:0000: baiti shufwa ni herufi yenyewe, baiti witiri ni sura yake (mwangaza, kuwakawaka). Biti moja ikiganda kwenye 1, nafasi tupu hugeuka hivi: biti 0 inakupa !, biti 1 inakupa ", biti 2 inakupa $, biti 3 inakupa (, biti 4 inakupa 0, biti 6 inakupa `. Biti ya 5 ikiganda kwenye 0, herufi ndogo zote hugeuka kubwa, kwa sababu "a" ni 97 na "A" ni 65, tofauti 32. Herufi zikiwa sahihi lakini skrini nzima inawakawaka, ni biti ya 7 ya baiti za sura. Skrini nzima iking'aa kupita kiasi, ni biti ya 3 ya hizohizo.

Ila usishike solda bado. Lazima ujue kama kumbukumbu ndiyo mbovu au njia inayotoka kwenye kumbukumbu kwenda skrini. Hapa DEBUG, programu ya DOS ya kusoma na kuandika kumbukumbu, inatosha. Kwa kuwa skrini haisomeki, andaa faili la amri kwenye kompyuta nyingine, liite AMRI.TXT:

O 3BF 1
F B000:1000 L 7000 55
C B000:1000 L 3800 B000:4800
D B000:1000 L 80
F B000:1000 L 7000 AA
C B000:1000 L 3800 B000:4800
D B000:1000 L 80
Q

Endesha DEBUG < AMRI.TXT > JIBU.TXT, kisha lisome JIBU.TXT kwenye mashine nzima. Usisahau Q na kubonyeza Enter baada yake, la sivyo DEBUG itaganda ikisubiri. Mstari wa kwanza hufungua kumbukumbu ya kadi iliyo juu ya kilobaiti 4. Amri ya C huonyesha baiti zinazotofautiana tu. Nusu zote mbili zikiwa na kosa lilelile C hukaa kimya, ndiyo maana D ipo. Kilo 4 za mwanzo, zenye maandishi ya skrini, zimeachwa makusudi. Kabla ya Q ongeza D B000:0 L 80 uzione jinsi zilivyo.

Ukiona 55 na AA safi kila mahali, na D ya B000:0 inaonyesha 20 (ndiyo 32 kwa heksadesimali) pale ambapo skrini ina "!", basi kumbukumbu ni nzima. Tafuta mbele yake: chipu ya maumbo ya herufi, au zile chipu ndogo za 74LS zinazoshika data kabla haijafika huko. Ukiona 21 badala ya 20, ni kumbukumbu.

Chipu gani basi? Hercules ina kilobaiti 64. Ukikuta chipu 8 za 4164, kila moja inabeba biti moja. Zikiwa 8 za 4416, kila moja inabeba biti 4, kwa hiyo biti 0 hadi 3 ziko pamoja. Kadi za baadaye za kunakili zinaweza kuwa na 4464 mbili tu. Gusa kila chipu dakika tano baada ya kuwasha. Inayounguza kuliko wenzake ndiyo ya kwanza kushukiwa. Kulaza chipu nzima juu ya mbovu husaidia wakati mwingine, lakini ikiwa mbovu imeng'ang'ania volti, jaribio hilo halionyeshi chochote.

Usiing'oe chipu mbovu kwa mkupuo mmoja. Kata miguu yote kwa plaizi ndogo, toa mguu mmoja mmoja kwa solda, safisha tundu, weka soketi. Ubao wa miaka hiyo huachia njia za shaba ukipashwa moto mrefu. Weka ya kasi ileile au zaidi, na kamwe usiweke 4116 mahali pa 4164: zote zina miguu 16, lakini mguu wa 8 wa 4116 ni wa volti 12 na wa 4164 ni wa volti 5.

Maandishi yakishakaa sawa, jaribu michoro, maana ndiyo sababu ya kadi hii kuwepo. Van Suwannukul aliibuni ili aandike tasnifu yake kwa herufi za Kithai. MDA ilikuwa na herufi zilizofungwa ndani ya chipu, na CGA ilikuwa na nukta chache mno. Kiswahili kwa herufi za Kilatini kingetosheka na MDA. Anayetaka kuandika utenzi kwa hati ya Kiarabu angehitaji Hercules kama Suwannukul. BIOS, programu ya ndani ya kompyuta, haijui michoro ya kadi hii, kwa hiyo unaiandikia mwenyewe kwa GW-BASIC:

10 OUT &H3BF,1: OUT &H3B8,2
20 FOR I=0 TO 11: READ V: OUT &H3B4,I: OUT &H3B5,V: NEXT
30 DEF SEG=&HB000: FOR A=0 TO 32767: POKE A,0: NEXT
40 OUT &H3B8,10
50 FOR Y=0 TO 347: POKE 8192*(Y MOD 4)+90*(Y\4)+45,255: NEXT
60 A$=INPUT$(1)
70 OUT &H3B8,0
80 FOR I=0 TO 11: READ V: OUT &H3B4,I: OUT &H3B5,V: NEXT
90 OUT &H3B8,40: CLS
100 DATA 53,45,46,7,91,2,87,87,2,3,0,0
110 DATA 97,80,82,15,25,6,25,25,2,13,11,12

Mstari wa 30 unachukua muda kwenye XT, vumilia. Kisha utaona mstari wima katikati, nukta 8 kwa upana. Ukikatika kila baada ya nukta 3, moja ya benki nne za kilobaiti 8 haifiki. Usichezee namba za DATA hata moja: zote mbili zinazaa mistari 370 kwa kila picha, na kuzikosea kunaweza kuiunguza 5151 yako.

Ukitaka kuweka kadi ya rangi pembeni, acha 1 kwenye poti 3BF. Ukiandika 3, Hercules inachukua pia B800, ambako CGA na VGA zinakaa, na zote mbili zitavurugika. VGA ya biti 16 ikikataa kushirikiana, iwekee swichi ya biti 8, kwa sababu kwenye basi la ISA eneo lote la A000 hadi BFFF huamuliwa kwa mkupuo mmoja. Na kwenye CONFIG.SYS, mstari wa EMM386 (kisimamizi cha kumbukumbu cha DOS) uwe na X=B000-B7FF, la sivyo DOS inaweza kupakia programu juu ya skrini yako.