Kona ya Gemu: Ugumu wa makusudi, na ugumu wa TV yako

Gemu mpya zilizochorwa kizamani zinanivutia sana, ila nakufa mno. Nimeanza na Celeste na Shovel Knight. Ugumu huu ni wa makusudi, au ni mikono yangu? (Msomaji, Morogoro)

Ni wa makusudi, ingawa si ule wa miaka ya 1980. Gemu za enzi hizo zilirithi tabia ya mashine za gemu za kutumbukiza sarafu, ambazo zilipata faida ukifa mapema. Zilipohamia majumbani na Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo (Japani, 1983), tatizo likawa nafasi: Super Mario Bros. nzima ina kilobaiti 40, na picha moja tu ya simu yako inaizidi mara nyingi. Gemu ndogo namna hiyo ikiwa rahisi inaisha mchana mmoja, kwa hiyo ilirefushwa kwa kukurudisha nyuma kila unapokosea. Ghosts 'n Goblins ilipitiliza: unapigwa mara mbili umekufa, na ukifika mwisho unaambiwa uicheze yote upya ndipo uone mwisho wa kweli. Huo, kwa maoni yetu, ni uchoyo.

Celeste (2018) imebakiza ukali na kuondoa adhabu. Ukifa unarudi papo hapo mwanzo wa chumba kile kile, na roho hazihesabiwi. Tena inakubeba bila kukuambia. Ukichelewa kuruka, mguu ukawa umeshatoka ukingoni, bado inakukubalia kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ukibonyeza mapema, kabla hujatua, inakutunzia mruko na kuutoa unapogusa chini. Kichwa kikigonga kona ya tofali, inakusogeza kidogo pembeni upite. Mario wa 1985 hakukukubalia kuruka ukiwa umeshatoka ukingoni.

Shovel Knight (2014) nayo inaazima sura ya zamani bila kasoro zake. Famicom iliweza kuchora vipande 8 tu vinavyotembea katika mstari mmoja wa skrini. Vikizidi, vinaanza kumemeta au kupotea. Shovel Knight haina hilo, na skrini yake ni pana. Ukifa, sehemu ya dhahabu yako inabaki pale ulipofia kwenye vifuko vyenye mabawa, na unaweza kuirudia. Ushauri: mara ya kwanza usivunje vituo vya kuanzia kwa tamaa ya vito vilivyomo. Ukikivunja, ukifa utaanzia kituo kilichotangulia.

Ukikwama Celeste, fungua Assist Mode, shusha kasi hadi asilimia 80, ujifunze mpangilio wa chumba, kisha urudishe 100. Usiende moja kwa moja 50, kwani vidole vitazoea muda usio wa kweli na utaanza upya.

Nina mashine ndogo yenye Contra na gemu nyingine za kale. Kwenye TV ya chogo nilikuwa hodari. Kwenye flati nabonyeza kuruka, mtu anaruka amechelewa. Pedi imekufa? (Msomaji, Mombasa)

Kabla ya kununua pedi nyingine, ichunguze TV. Gemu hizi zinakwenda fremu (picha) 60 kwa sekunde, yaani kila fremu ni kama milisekunde 17. TV ya chogo huchora picha mara tu inapoipokea. Flati huishika kwanza, ikaisafisha, ikaikuza, ndipo ikaionyesha. Ikichukua milisekunde 70, umeshapoteza fremu 4, na katika Contra risasi moja inatosha kukuua.

Anza na menyu ya picha: chagua hali ya gemu, halafu zima kilainishi cha mwendo na kipunguza chembechembe. Kisha tazama waya. Kama umechomeka AV, ile nyekundu, nyeupe na njano, hapo ndipo mchawi alipo: mashine ya kale inatuma mistari 240, flati nyingi hudhani ni nusu ya picha ya mistari 480 na kusubiri kuiunganisha na nusu nyingine. Kuchelewa kunaongezeka na picha inachafuka. Ikiwa mashine yako ina HDMI, tumia hiyo. Pedi ya waya ni salama kuliko ya bluetuthi.

Anayecheza kwa RetroArch, programu inayoiga mashine za kale kwenye kompyuta, ana dawa nyingine: mpangilio wa Run-Ahead, unaopunguza kuchelewa huko. Weka fremu 1. Gemu nyingi za Famicom zinahimili hiyo. Ukizidisha, mtu wako ataanza kuruka hatua, kana kwamba fremu zimekatwa katikati.

Tofautisha pia kuchelewa na uzito. Kama hata muziki unakwenda taratibu, huenda mashine imewekwa kwenye mfumo wa PAL wa fremu 50, uliotumika huku kwetu. Hapo gemu ya 60 inapungua kasi kwa karibu asilimia 17, na hali ya gemu ya TV haitasaidia kitu.

Mwanangu wa miaka 9 anatumia kodi (mfuatano wa siri wa vitufe) ya roho 30 kwenye Contra, na anahifadhi gemu kila anaporuka shimo. Nimkataze? (Mama, Kisumu)

Kodi mwachie, mama. Juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A: aliiweka Kazuhisa Hashimoto alipokuwa akihamishia gemu ya Gradius kwenye Famicom, kwa sababu gemu ilimshinda kuijaribu. Kama mtengenezaji mwenyewe aliihitaji, mtoto wa miaka 9 hana kosa.

Kuhifadhi kila mruko ndiko kubaya. Anafika kwa bosi bila kujua alipitaje, na akihifadhi sekunde moja kabla ya risasi kumpata, amejifungia ndani ya kifo. Mpangie ahifadhi mwanzo wa hatua tu. Maadui wa Contra kwa sehemu kubwa hutokea mahali pale pale, hivyo kila jaribio linamfundisha kitu. Akihamia Ninja Gaiden mwambie asirudi nyuma hovyo: pale adui anapotokea pakitoka kwenye skrini na kurudi, adui naye anarudi mzima. Wengi hutupwa shimoni na ndege ambaye wamekwisha kumuua.

Bunduki ya gemu ya kuwinda bata haipigi kitu kwenye flati. Kuna mpangilio wa kurekebisha? (Msomaji, Dodoma)

Hakuna. Ukivuta kifyatulio, gemu inaweka skrini nyeusi kwa fremu moja, kisha mraba mweupe pale alipo bata, na bunduki inatafuta mwanga huo wakati huo huo. Flati inauleta umechelewa, gemu imeshaandika kuwa umekosa. Bunduki yenyewe pia ilitengenezwa kutambua mwanga wa TV ya chogo. Tafuta chogo kwa mafundi wa TV mtaani, na kabla ya kulipa hakikisha tundu lake la AV linafanya kazi.