Kabla ya kununua mashine ya kukaangia chipsi, ifungue kwanza

Mashine yangu ya kwanza niliinunua Kariakoo kwa sababu ya bei. Chipsi zilitoka nzuri. Tabu ilianza siku nilipokaanga vibua vya Feri nilivyovipaka unga. Bakuli lilikuwa limeungana na mwili wa mashine, koili imebanwa chini, na upenyo uliobaki hata kidole hakipiti. Unga ukagandia humo, mweusi kama lami. Nilikaa uani na mswaki wa zamani karibu saa nzima, naiinamisha huku nikihofia maji yasiingie kwenye swichi. Wiki iliyofuata maandazi yakanuka samaki. Nikarudi kwenye karai langu.

Ya pili ninayo mwaka wa tatu sasa. Safari hii nilimwambia muuzaji, "Kaka, naomba niifungue." Nikatoa mfuniko na kikapu, nikachomoa kisanduku cha swichi pamoja na koili yake, nikanyanyua bakuli. Vyote vikatoka. Hiyo ndiyo ya kununua, jamani. Bakuli na kikapu unaosha kama sufuria nyingine. Kisanduku cha umeme unakifuta tu kwa kitambaa chenye unyevu, usikitumbukize majini kamwe.

Koili ya namna hii hukaa juu kidogo ya kitako cha bakuli. Mafuta yaliyo chini yake hayapati moto mkali, kwa hiyo makombo yakizama huko hayaungui upesi na mafuta yanadumu. Ukiwa unakaanga sambusa kila siku ya Ramadhani, utaiona faida yake.

Bakuli chukua la stili. Yale meusi yasiyogandisha chakula ni rahisi kuosha, ila ukiyasugua kwa dodoki la chuma rangi inabanduka. Kwa familia ya kawaida lita 3 zinatosha. Angalia na wati pia: ya wati 2,000 ikiwaka nusu saa mfululizo inakula uniti moja ya LUKU.

Kuosha kwenyewe si kazi. Chomoa plagi, acha mafuta yapoe kabisa, yachuje. Futa bakuli kwa karatasi kabla ya kutia maji, maana mafuta yakiingia sinki yanaziba bomba. Loweka kwa maji ya moto na sabuni dakika 20, kisha kausha vizuri sana. Tone la maji likibaki, mafuta yakipata moto yanakurukia. Langu huwa nalianika barazani, kifudifudi, mpaka jioni.