Jibu: Programu ya ghala kujifunga kila ukichapa ankara

Dada, umeuliza kwa nini programu ya ghala inajifunga hapo ofisini kila ukichapa ankara, ilhali kwenye laptopu yako nyumbani Chumbageni inakwenda vizuri. Usikimbilie kuisakinisha upya. Mimi naishuku ile programu ya ulinzi waliyoiweka watu wa makao makuu.

Nyingi za aina hiyo huingiza faili lao la .dll (kipande cha msimbo ambacho programu hukiazima) ndani ya kila programu inayofunguliwa, ili zichungulie inachofanya. Toleo la upande mmoja likibadilika, huyo mgeni hukanyaga pasipokanyagika, na inayoonekana kufa ni programu yako.

Fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, ingia Windows Logs kisha Application, utafute tukio namba 1000 la dakika ileile ilipojifunga. Soma mstari wa "Faulting module name". Ofisini kwetu hapa Tanga tulimlaumu mtengenezaji wa programu siku mbili nzima, kumbe .dll iliyotajwa pale ilikuwa ya ulinzi. Saini ya kampuni yake tuliikuta kwenye Properties. Ukikuta ntdll.dll, ambalo ni faili la Windows yenyewe, usiridhike, hapo huwa ni pa kuangukia tu. Fuatilia mlolongo wa miito (nani alimwita nani kabla ya kuanguka) kwenye faili la dampo, yaani nakala ya kumbukumbu ya programu ilipokufa.

Nakusihi usiuzime ulinzi mwenyewe. Ni kweli Julai 19, 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, lakini virusi navyo havina huruma. Waombe watu wa IT waisamehe programu yako kwenye ukaguzi, kwa kompyuta moja tu, mjaribu siku nzima. Ikitulia, dampo lile apelekewe mwuzaji wa ulinzi.