Barua kwa mwanangu: mwambie msimamizi wako

Salaam aleikum mwanangu,

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Baba, nimwambie msimamizi wangu wa chuo kwamba nina disleksia, hii hali ya herufi kunichanganya ninaposoma na kuandika, ama ninyamaze asije akaona siyafai masomo ya uzamivu?" Sikukujibu palepale. Leo mimi nasema, mdogo wako anaandika.

Mwambie.

Mimi nimenyamaza miaka thelathini, hata mamako hakujua. Herufi zilinichezea tangu darasa la pili, la sita nikaacha shule nikashika mwiko wa uashi. Kuna mjengo mmoja Nyali, hapa Mombasa, kipimo kilikuwa 63, mimi nikaona 36. Nikakata nondo za ringi, zile za kufungia chuma cha nguzo, zote fupi. Mwenye kazi akadhani nimelewa, akanifukuza mbele ya vijana, nami nikamwacha aamini hivyo. Tangu siku ile, kabla sijakata chuma, saidia fundi wangu alinisomea kipimo kwa sauti nami nikakirudia. Sikukosea tena. Wewe leo kompyuta inakusomea makala kwa sauti. Ni jambo lilelile, ila mimi nililifanya kwa kujificha.

Mtaalamu aliyekupima alikueleza kuwa hali hii mara nyingi hurithiwa. Basi umeipata kwangu, na mimi nilikuchapa kwa ajili yake. Darasa la nne, lile daftari lenye "baba" uliyoiandika "dada" mstari mzima. Nilidhani ni uvivu. Nisamehe, mama.

Mambo ya chuo siyajui. Kwetu hakuna aliyewahi kuvaa joho, sembuse kutetea tasnifu. Lakini zege nalijua. Idi iliyopita ulichukua kipande cha mkaa ukanichorea nguzo pale barazani: chumvi ya bahari inavyopenya zege taratibu hadi kwenye chuma, kutu ikavimba kushinda chuma chenyewe, zege likapasuka kutoka ndani. Maisha yangu yote nimebandua zege la namna hiyo, na sikujua kwa nini nyumba kongwe za Mtaa wa Kale, za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mkoko, hazipatwi na ugonjwa huo. "Hazina chuma ndani, Baba." Dakika kumi, bila kusoma neno. Msimamizi wako ameona kurasa zako zenye makosa ya tahajia. Nguzo ile hajaiona.

Wala usiende kama unaomba sadaka. Mdogo wako amenisomea: sheria ya Kenya ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2003 ilitaja ulemavu wa kujifunza pamoja na wa kuona na wa kusikia. Taka muda zaidi kwenye mtihani, ruhusa ya kurekodi mikutano yenu, na mtu wa kukupitishia tahajia. Na vipimo vya maabara usivihakiki peke yako hata ukiwa na yakini. Mtu akusomee, nawe urudie.

Jumatatu beba karatasi tupu na kalamu. Anza na nguzo, halafu ndipo umwambie. Ukitoka nipigie, hata ikiwa usiku.

Babako