Mkipewa kisa cha kampuni, ulizeni nani hayumo

Wadogo zangu mnaoingia L1, mwaka wa kwanza wa chuo, ya usimamizi wa biashara hapa Lubumbashi, nanyi mnaoanza staji, yaani mafunzo ya kazini, kwenye maofisi ya mjini, mwaka huu mtasomeshwa visa vya makampuni mpaka mchoke. Vingi ni vya Marekani: bei ni kwa dola, wateja wanasukuma vitoroli ndani ya duka lenye kiyoyozi. Mtoto wa mtaa wetu wa Katuba anavisoma kama habari za watu wengine, anakariri mwisho wake, anaandika kwenye mtihani kwamba kampuni ilikosea. Alama anapata. Kazini hazimsaidii.

Msishindane kumtafuta aliyekosea. Tafuteni nani hakuulizwa, na hesabu gani haikuwekwa mezani.

Chukueni Coca-Cola, ambayo tarehe 23 Aprili 1985 ilitangaza ladha mpya ya kinywaji chake. Wanafunzi huwacheka wakurugenzi wale kana kwamba walikuwa wamelala. Wapi! Pepsi ilikuwa inawanyang'anya wateja, nao walionjesha watu karibu 200,000 kabla ya kuamua, na wengi wakaipenda ile mpya. Lakini kuonjesha kunapima ulimi. Hakupimi hasira ya mtu anayeambiwa kwamba kinywaji alichokizoea tangu utoto hakipo tena. Tarehe 11 Julai mwaka uleule kampuni ikatangaza kuirudisha ladha ya zamani. Kwa hiyo mwalimu akiuliza wangefanya nini, anayejibu "wangefanya utafiti" hakusoma.

Kosa hilohilo nimeliona soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, kwenye kazi ya kikundi kuhusu unga wa mahindi. Vijana waliuliza watu wanapenda mfuko gani, wakarudi na jibu safi: mfuko wenye rangi kali na jina kubwa. Nikawauliza wamezungumza na akina nani. Wakajibu: na wanunuzi waliokuwa wanabeba mifuko ya kilo 25. Mama anayenunua meka moja, yaani kopo la kupimia unga, la bukari (ugali) ya leo tu, hakuna aliyemsimamisha, naye mfuko hauoni kabisa. Anaangalia kama meka imejaa vizuri na kama unga hauna harufu. Ukimuuzia rangi, unacheza. Tena unga wa mji huu ukipanda bei kwa sababu ya mambo ya Zambia na ya mpakani Kasumbalesa, hata wale wa kilo 25 wanahamia kwenye meka.

Visa vya ndani ya ofisi ni vigumu zaidi, kwa sababu kuna shefu, yaani mkubwa wa kazi. Mlio kwenye staji, kisomeni kile cha chombo cha anga cha Challenger, ingawa si cha biashara. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi zake za pembeni walisema baridi itaharibu pete za mpira zinazoziba maungio. Wakubwa wao wakawashinda, chombo kikaruka, kikavunjika baada ya sekunde 73, watu 7 wakafa. Wengi wanakomea hapo: wakubwa wabaya. Mimi naangalia zile karatasi za usiku ule. Mjadala ulihusu tu safari za nyuma ambazo pete zilikuwa zimepata madhara, na kwa hizo peke yake baridi haionekani wazi, maana kulikuwa na madhara hata kwenye joto. Baadaye tume ya uchunguzi iliweka safari zote pamoja: zile 4 zilizorushwa chini ya nyuzi 18 za Selsiasi zote zilikuwa na madhara, kati ya 20 za joto zaidi, ni 3 tu. Asubuhi ile ilikuwa kama nyuzi 2.

Sasa wewe mstajia, kumwambia papa mkurugenzi mbele ya watu kwamba anakosea, hapa kwetu hutarudi kesho. Mpelekee jedwali, mkiwa wawili, lenye siku mbaya na siku nzuri pamoja. Depo ikipoteza mzigo, usiorodheshe siku za upotevu tu. Weka na zile ambazo hakuna kilichopotea, uandike nani alikuwa zamu na kama umeme ulikatika. Atauliza mwenyewe.

Na kwa kuwa visa vya hapa ni haba kwenye silabusi, andikeni vyenu wakati wa staji. Ishieni pale uamuzi unapotakiwa, mwisho muuweke karatasi nyingine, mwenzako ajaribu kwanza. Majina ya kampuni na ya watu yafuteni kabla ya kumpa.