Maswali ya Wasomaji: Oili Gani, na Kiasi Gani, kwa Injini ya Mipigo Miwili?

Tumepokea barua nyingi kuhusu mashine za kufyekea nyasi, misumeno ya mnyororo na blowa za shambani, na karibu zote zinauliza juu ya petroli na oili inayochanganywa nayo. Tumechagua nne ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Swali. Mimi ni mkulima wa korosho wilayani Newala. Nimenunua blowa ya kupulizia salfa, na lebo iliyobandikwa kwenye tangi lake inasema uwiano ni 25:1, lakini chupa ya oili niliyouziwa imeandikwa 50:1. Fundi wa hapa kijijini ananiambia nisihangaike na maandishi, nimimine oili kwa macho mpaka petroli ibadilike rangi, kwani oili ikizidi haina hasara. Shemeji yangu, ambaye ni mvuvi, naye amenipa lita moja ya oili ya injini ya boti akisema kuwa zote ni oili ya 2T, yaani ya mipigo miwili. Nimsikilize nani?

Jibu. Dada yetu, isikilize lebo ya mashine. Maandishi ya chupa yanaeleza oili ile inaweza kwenda mbali kiasi gani katika injini inayokubali oili kidogo, ilhali lebo ya mashine inaeleza mahitaji ya injini uliyonayo, yaani aina ya beringi zake, kasi yake na namna inavyopozwa. Uwiano wa 25:1 maana yake ni mililita 40 za oili kwa kila lita ya petroli, au mililita 200 kwa dumu la lita 5. Uwiano wa 50:1 ni nusu ya hapo: mililita 20 kwa lita, 100 kwa dumu. Ukifuata chupa, blowa yako itafanya kazi msimu mzima kwa nusu ya oili iliyokusudiwa na aliyeiunda.

Jambo hili lina uzito kwa sababu injini ya mipigo miwili haina sehemu ya kuhifadhia oili chini yake kama ilivyo kwa gari. Mchanganyiko wa hewa na petroli hupitia kwanza kwenye chumba cha krankshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na humo petroli hugeuka mvuke huku oili ikibaki nyuma na kupaka beringi, mkono wa pistoni na kuta za silinda, kisha hupanda pamoja na petroli hiyo na kuungua. Tone la oili hufanya kazi mara moja tu na halirudi. Kwa hiyo oili ikipungua, hakuna akiba inayoweza kuiokoa injini: pistoni hukwaruza silinda, ringi hukwama, na mashine hunoki katikati ya kazi, mara nyingi wakati inapozungushwa kwa kasi yote.

Wapo watengenezaji ambao wenyewe hutoa viwango viwili, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Stihl huelekeza 50:1 kwa oili yake ya mipigo miwili, lakini ukitumia oili ya kampuni nyingine hutaka 25:1. Husqvarna nayo husema 50:1 kwa oili yake na 33:1 kwa oili nyingine yenye daraja linalokubalika. Maelekezo hayo yana maana kwa mashine zao. Lebo yako imetaja kiwango kimoja tu, nawe ukifuate hata kama oili uliyonunua ni nzuri.

Sasa kuhusu fundi. Katika jambo moja yuko sahihi: oili ikizidi kidogo haiui injini upesi kama inavyoiua oili iliyopungua. Lakini kusema haina hasara si kweli. Oili isiyoungua yote huacha masizi juu ya pistoni, kwenye tundu la kutolea moshi na ndani ya salensa, na masizi hayo yakijaa injini hukosa pumzi na nguvu hupungua. Plagi hulowa, na mashine inakuwa ngumu kuwaka asubuhi. Liko na jingine ambalo mafundi wengi hawalitarajii: kabureta hupitisha kiasi kilekile cha mchanganyiko, na kadiri oili inavyochukua nafasi kubwa ndani yake ndivyo petroli inavyopungua, hivyo petroli huungua na hewa nyingi kuliko ilivyopangwa na joto hupanda. Anayezidisha oili ili kuipoza mashine anaweza kuipandisha joto.

Nayo rangi si kipimo. Oili ya 2T hutiwa rangi ya bluu, kijani au nyekundu ili mtu asiichanganye petroli tupu na iliyokwisha kuchanganywa, na kila kampuni hujichagulia rangi yake na ukolezi wake. Nunua sindano ya plastiki ya mililita 20 isiyo na ncha katika duka la dawa za mifugo. Mivuto kumi ya sindano hiyo ni mililita 200, nayo inakutosha kwa dumu lako la lita 5. Mimina kwanza nusu ya petroli, ongeza oili yote, tikisa, kisha jaza petroli iliyobaki na utikise tena. Tikisa kila unapotaka kujaza tangi. Usiweke mchanganyiko huo katika chupa ya soda wala ya maji ya kunywa, maana watoto hawasomi lebo.

Oili ya shemeji mrudishie kwa shukrani. Chupa za oili ya boti huwa na maandishi TC-W3, na oili hiyo hutengenezwa kwa injini zinazopozwa kwa maji, ambazo joto lake hubaki chini. Blowa, msumeno na mashine ya kufyekea hupozwa kwa upepo tu, huzunguka kwa kasi kubwa na silinda zake huwa na joto kali zaidi, kwa hiyo zinahitaji oili yenye viungo vingine vya kusafisha. Tafuta mgongoni mwa chupa herufi JASO FC au JASO FD, au kwa mpangilio wa kimataifa ISO EGC au EGD, au API TC. FD huacha masizi machache zaidi, na mimi ningeichagua hiyo inapopatikana, ingawa FC inatosha kwa kazi yako. JASO FB ni daraja la chini, linakubalika katika mashine nyingi, lakini moshi wake ni mwingi. Chupa isiyo na herufi zozote kati ya hizi usiinunue, hata ikiwa na picha nzuri ya msumeno.

Pia usikubali kuuziwa oili ya bodaboda. Pikipiki nyingi zilizoko barabarani siku hizi ni za mipigo minne, na oili yake haikutengenezwa kuungua. Ina viungo vya madini vinavyoacha majivu magumu kwenye plagi na juu ya pistoni, na ni nzito mno kuyeyuka vizuri ndani ya petroli baridi.

Kwa kuwa unapulizia salfa, niongeze neno la pembeni. Ukifungua plagi na kuikuta nyeusi, usikimbilie kupunguza oili. Vumbi la salfa huziba kichujio cha hewa, na injini ikikosa hewa plagi huwa nyeusi vilevile. Safisha kichujio kwanza, tena kila siku ya kupulizia, kisha uitazame plagi upya. Ikiwa ya rangi ya kahawia iliyopauka, oili yako na hewa yako viko sawa.

Swali. Nafanya kazi ya kutunza bustani za watu Nairobi. Nina mashine ya kufyekea inayotaka 40:1, msumeno wa kupunguzia ua unaotaka 50:1, na mashine ya zamani ya kupulizia majani makavu inayotaka 25:1. Je, ninaweza kubeba mtungi mmoja tu? Na petroli ya wauzaji wa kandokando ya barabara inafaa?

Jibu. Mtungi mmoja wa 40:1, wenye oili ya daraja la FD, utazifaa mashine mbili za kwanza, kwa sababu ule wa ua utapata mililita 25 kwa lita badala ya 20, na ziada hiyo ni ndogo. Mashine ya zamani ibebee mtungi wake, wenye rangi tofauti na uwiano ulioandikwa kwa wino usiofutika. Usipeleke 25:1 kwenye mashine ya 50:1 ili kurahisisha mambo: huo ni mzigo wa oili mara mbili, na matokeo yake yameelezwa hapo juu.

Kabla ya kuchanganya chochote, hakikisha kwamba mashine yako ya kufyekea ni ya mipigo miwili kweli. Zipo ndogo za mipigo minne, kama zile zenye injini ya Honda GX35, ambazo zina kifuniko chao cha kujazia oili ubavuni na hutumia petroli tupu. Zipo nyingine za Stihl za mfumo wa 4-MIX, ambazo zina vali kama injini ya mipigo minne na bado hutumia petroli iliyochanganywa kwa 50:1. Kuitambua mashine kwa mlio wake hakutoshi. Soma maandishi ya kwenye kifuniko cha tangi.

Petroli ya kandokando ya barabara iache. Vitabu vingi vya mashine hizi huomba petroli ya oktani 90 kwa kipimo cha RON (oktani ni uwezo wa petroli kutolipuka kabla ya wakati), na petroli ya kawaida ya vituo vinavyoaminika inakidhi hilo bila ya kuilipia ile ya bei ya juu. Hatari ni mafuta ya taa. Uchakachuaji umekuwa tatizo kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na mafuta mengine. Mafuta ya taa hushusha oktani, petroli ikalipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na katika injini ndogo isiyopozwa kwa maji pistoni inaweza kutoboka. Gari linaweza kuvumilia kwa muda, msumeno hauvumilii.

Swali. Ninaishi Brooklyn Park, Minnesota, na nimeanza kazi ya kukata nyasi. Vituo vya huku vinauza petroli yenye ethanoli, yaani iliyotiwa aina ya pombe. Je, naweza kuichanganya na oili kama tulivyofanya nyumbani?

Jibu. Yenye ethanoli ya asilimia 10, ile E10, unaweza, kwa kuwa watengenezaji wengi wa mashine hizi wanairuhusu. E15 hapana: serikali ya Marekani imeiruhusu kwa magari ya mwaka 2001 na baada yake, na imeikataza kwa mashine ndogo za bustani. Itazame pampu kabla ya kuvuta mpira, kwa kuwa E15 huuzwa pia kwa jina la Unleaded 88 na huwa ya bei nafuu, jambo linalowavutia wengi.

Shida ya ethanoli ni kwamba hunyonya unyevu. Maji yakizidi, ethanoli hujitenga pamoja nayo na kushuka chini ya tangi, na oili haishuki pamoja navyo. Bomba la petroli linavuta kutoka chini, kwa hiyo injini hunywa kitu kisicho na oili hata kama ulipima vizuri. Changanya kiasi utakachomaliza ndani ya siku 30. Bahati yako ni kwamba sheria ya Minnesota inaruhusu petroli isiyo na ethanoli iuzwe kwa ajili ya mashine ndogo, na vituo kadhaa huwa nayo kwenye pampu ya oktani 91 yenye maandishi non-oxygenated. Hiyo ndiyo ya kutafuta, hasa kabla ya majira ya baridi. Kumbuka pia kwamba galoni ya huko ni lita 3.8 hivi, kwa hiyo 50:1 ni aunsi 2.6 za oili kwa galoni moja na 40:1 ni aunsi 3.2. Theluji ikikaribia, mwaga petroli iliyobaki tangini, washa mashine mpaka izimike yenyewe, ndipo uihifadhi.

Swali. Kijana wangu wa shamba, huku Muheza, amejaza petroli tupu kwenye msumeno na ukafanya kazi kwa dakika chache kabla sijagundua. Nifanyeje?

Jibu. Usiuwashe tena kuona kama ni mzima. Mwaga petroli yote, toa plagi, kisha vuta kamba taratibu usikie kama pistoni inapita bila kukwama. Mwombe fundi afungue salensa, kwani kupitia tundu la moshi utaona ubavu wa pistoni: ukiwa laini, jaza mchanganyiko sahihi na uuache uungurume kwa kasi ndogo kabla ya kuupa kazi. Ukiona michirizi ya wima, pistoni na ringi zibadilishwe, na silinda ikaguliwe kabla ya kufungwa vipya, la sivyo itavila vipya kama ilivyokula vya zamani. Mtungi wa petroli tupu uhamishie stoo nyingine.