Ndiyo, nilivuta

Mwanangu,

Marahaba. Swali lako, kama nilivuta sigara nikiwa na mimba yako, nimelisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Shangazi yako hakunisingizia: nilivuta. Mbili kwa siku, za rejareja, nikimwambia muuza genge ni za baba yako.

Nilivutia choo cha uani, usiku, kanga nimeitundika nje isishike harufu. Nikitoka, bigijii, kisha karafuu. Mwanamke mvuta sigara mtaani kwetu alikuwa na jina lake, nawe unalijua. Basi kliniki nesi aliponiuliza kama navuta, nilisema hapana hata hajamaliza. Akaandika, nikapanda mizani, nikaenda zangu. Hapana ile huniuma kuliko sigara zenyewe. Nani angenisaidia kwa jambo asilolijua?

Ulizaliwa na kilo 2.3, chini ya 2.5 huhesabiwa uzito pungufu. Siwezi kuapa ni sigara, malaria nayo ilinilaza mwezi wa saba wa mimba. Lakini moshi wa sigara una kaboni monoksaidi, gesi ileile ya jiko la mkaa inayoua watu waliofunga madirisha. Inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, na damu hiyo ndiyo iliyokulisha.

Mwezi wa nane niliacha. Sikuona tabu sana, harufu yenyewe ilinitapisha. Tabu ilikuja baada ya arobaini: bibi yako karudi kwao, baba yako yuko zamu ya usiku, wewe unalia tangu magharibi. Nikawasha. Tena kwa hofu nikakunyima ziwa siku mbili, nikakupa maji ya glukosi. Nilikosea. Nikotini inaingia kwenye maziwa, ni kweli, ila mama aliyeshindwa kuacha huambiwa aendelee kunyonyesha, asivute kabla ya kunyonyesha wala karibu na mtoto. Mimi nimeacha kabisa ukiwa darasa la pili.

Na ile shisha yako ya Jumamosi, uliyoitaja mwishoni kama vile si kitu? Ni tumbaku, tena inawashiwa mkaa. Maji yanaupoza tu ule moshi, hayausafishi.

Kliniki yako ya wajawazito ni Jumatano. Mwambie nesi ukweli. Ukitaka nitakusindikiza, nikae benchi la nje. Nijulishe saa.

Mama yako